Kengele ya Kocha Robinson: futiboli na bendi ya Grambling

Nafundisha historia ya michezo, na kila muhula nikifika Marekani darasa huanza kunong'ona. Hawaelewi inakuwaje chuo kikuu, mahali pa vitabu na mitihani, kijaze uwanja wa watu 60,000 kwa mechi ya wanafunzi ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi. Mtu aliyekulia kwenye Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, anajua timu ya kufa na kuzikana nayo ni klabu. Kule Marekani, hasa majimbo ya kusini, chuo ndicho klabu. Babu alisoma pale, au hakusoma ila aliishi jirani, basi ukoo mzima unavaa rangi za chuo hicho.

Ningeweza kueleza habari hii kwa kutumia vyuo vikubwa vyenye fedha, lakini huwa nachagua Grambling. Ni mji mdogo kaskazini mwa Louisiana, misonobari kila upande, watu elfu chache tu. Chuo chake, Grambling State, kimetoa wachezaji zaidi ya 200 waliokwenda kucheza futiboli ya kulipwa. Kwa miongo kadhaa jambo hilo lilifanyika bila fedha, bila uwanja wa maana, na katika nchi ambayo sheria zake ziliwazuia wachezaji hao kuketi kwenye mkahawa mmoja na Wazungu.

Shule ilianza 1901. Wakulima Weusi wa eneo lile walitaka watoto wao wasome, wakamwandikia Booker T. Washington, mwalimu Mweusi mashuhuri aliyeongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, kumwomba msaada, naye akawatumia kijana mmoja, Charles P. Adams. Kwa miaka mingi chuo kilibeba jina refu la kuchosha: Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Husimuliwa kwamba washangiliaji wakianza kulitaja jina lote ili kuipa timu moyo, wapinzani walikuwa wameshafunga kabla hawajamaliza. Mwaka 1946 likafupishwa, likawa Grambling, jina la mwenye kiwanda cha mbao aliyetoa ardhi.

Mwaka 1941 ndipo alipokuja Eddie Robinson. Alikuwa na miaka 22, mtoto wa mkulima aliyelima shamba la mtu kwa kugawana mazao, na kazi aliyotoka kuifanya Baton Rouge ilikuwa kwenye kinu cha chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Grambling walimpa dola 63.75 kwa mwezi. Kwa mshahara huo alikuwa kocha, mtunza uwanja, tabibu na mwandishi wa habari. Alikata nyasi mwenyewe, akachora mistari ya chokaa mwenyewe, akawafunga wachezaji bandeji za vifundo vya miguu, na mechi ikiisha akakaa kuandika taarifa yake kwa ajili ya gazeti. Msimu wa kwanza alishinda mechi 3, akapoteza 5. Msimu wa pili, 1942, alishinda zote 9, na katika mechi hizo hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake.

Kisha vita vikawachukua vijana, na 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu. Robinson akahamia kufundisha timu ya sekondari iliyokuwa pale pale Grambling. Hapa kuna kisa ambacho mimi hukisimulia kabla ya takwimu zozote. Msimu wa futiboli ndio msimu wa kuvuna pamba. Wazazi wakawaondoa watoto mazoezini, maana pamba isipochumwa hakuna mkate. Kocha hakwenda kubishana nao. Aliichukua timu nzima, wakaingia shambani, wakachuma pamba pamoja mpaka ikaisha, kisha wakarudi kucheza. Walitwaa ubingwa. Nimelelewa Muheza, kwenye mashamba ya michungwa, na najua maana ya mwalimu kuacha chaki na kuja kusimama nawe shambani. Mzazi aliyeona hilo hamnyimi tena mwanawe.

Ndiyo maana hata baadaye, Robinson alipokwenda kwenye nyumba ya mtu kumwomba kijana, hakuanza na habari za mpira. Alimwahidi mama kwamba mwanawe ataingia darasani, ataenda kanisani na atapata shahada. Na alitekeleza kwa kengele. Ilikuwa kengele ya ng'ombe, ile ya kufunga shingoni. Asubuhi na mapema alipita bwenini, mlango kwa mlango, akiitikisa, na hakuna aliyeweza kudai kwamba hakusikia. Wachezaji walisafiri wakiwa na koti na tai. Aliwafundisha namna ya kula mezani na uma na kisu, na namna ya kumjibu mtu anayekuhoji kuhusu kazi. Safari za mbali walibeba mikate yao wenyewe ndani ya basi, kwa sababu njiani hapakuwa na mgahawa wa kuwapokea. Hebu liweke hilo pamoja na ile tai, uone kocha alikuwa anafanya kazi gani.

Mlango wa ligi ya kulipwa ulifunguka 1949. Paul Younger, aliyeitwa Tank, alisajiliwa na Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kuingia NFL. Robinson alimkumbusha mzigo alioubeba: wewe ndiye bora tuliye naye, ukishindwa watasema walimjaribu aliye bora, na wengine hawatachukuliwa. Younger hakushindwa. Alidumu, na 1951 Rams wakawa mabingwa naye akiwemo. Baada yake wakafuata Willie Davis, Willie Brown, Buck Buchanan na Charlie Joiner, na wote wanne leo wamo katika ukumbi wa heshima wa futiboli ya kulipwa.

Lakini kulikuwa na nafasi moja iliyokuwa bado imefungwa. Katika futiboli ya Kimarekani, karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwa mchezaji mmoja, kwotabeki. Anaupokea mpira, anasoma ulinzi wa wapinzani kwa sekunde mbili tatu, anaamua amrushie nani au ampe nani akimbie nao. Ndiye anayefikiri kwa niaba ya wote. Wenye timu za kulipwa waliamini mtu Mweusi hawezi kazi hiyo. Kijana aliyekuwa kwotabeki chuoni, akifika kwao, aliambiwa akakimbie au akalinde. Robinson aliamua kuivunja imani hiyo kwa makusudi. James Harris alipoingia Grambling, kocha alimwandaa kuwa kwotabeki na si kitu kingine. Mwaka 1969 Harris alianza mechi ya kwanza ya msimu akiwa kwotabeki wa Buffalo Bills, timu ya kulipwa.

Halafu akaja Doug Williams. Mwaka 1978, timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Tampa Bay walimchagua katika duru ya kwanza, kwotabeki wa kwanza Mweusi kuchaguliwa na timu ya NFL katika duru hiyo. Miaka 10 baadaye, tarehe 31 Januari 1988, akaiongoza Washington katika Super Bowl, fainali ya NFL, dhidi ya Denver. Wakatanguliwa 10-0. Robo ya pili Washington wakapata pointi 35, na pasi nne za Williams katika robo hiyo moja ziliishia kwenye eneo la ushindi. Mechi ikaisha 42-10, naye akatajwa mchezaji bora. Nimeitazama robo hiyo sijui mara ngapi, na kila mara ninachoangalia ni miguu yake. Mguu una maumivu, aliuumiza dakika chache kabla, lakini hatua zake za kurudi nyuma zinahesabika, moja, mbili, tatu, simama, rusha. Kwa Robinson mchezo mmoja ulirudiwa mazoezini mpaka mwili uujue bila kuuliza kichwa.

Sasa nije kwa mtu ambaye vitabu vingi vinampita haraka, na naona si haki: Collie J. Nicholson, aliyesimamia habari za michezo chuoni kuanzia 1948 kwa miaka 30. Alikuwa mwandishi wa habari wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Magazeti makubwa hayakujali timu ya Grambling, basi yeye akayaandikia magazeti ya Weusi ya nchi nzima, kila gazeti habari yake, mpaka mtu wa Chicago au Pittsburgh ambaye hajawahi kufika Louisiana akawa na timu yake Louisiana. Kisha akaitoa timu nje. Mwaka 1968 Grambling na Morgan State walicheza Yankee Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Grambling walifungwa 9-7. Mwaka 1976 vyuo hivyo hivyo viwili vikacheza Tokyo. Chuo cha kijijini, Japani!

Mechi iliyodumu kuliko zote ni Bayou Classic, kati ya Grambling na Southern University ya Baton Rouge, watani wa jadi. Ilianza chini ya jina hilo 1974, New Orleans, na mwaka uliofuata ikahamia uwanja wa Superdome, mji huo huo. Huchezwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliuharibu mji, mechi ikapelekwa Houston, na watu wakaifuata huko, wengi wao wakiwa wamepoteza nyumba.

Na hapa lazima niseme habari za bendi, maana anayeeleza Grambling bila bendi ameeleza nusu. Ilianzishwa 1926 na R.W.E. Jones, aliyekuja kuwa mkuu wa chuo kwa miaka 41 huku akifundisha timu ya besiboli. Mwaka 1972 ilisafiri mpaka Monrovia kupiga katika kuapishwa kwa Rais William Tolbert wa Liberia. Na tarehe 15 Januari 1967, katika mechi ya kwanza kabisa ya Super Bowl, bendi hii ilipiga wakati wa mapumziko. Ndani ya mechi yenyewe, Willie Davis alikuwa akicheza upande wa Green Bay na Buck Buchanan upande wa Kansas City. Yaani Grambling ilikuwa pande zote mbili za uwanja, na katikati pia.

Mara ya kwanza nilipoisikia bendi hiyo nikiwa ndani ya Superdome, sikuiona kwanza. Nilisikia ngoma kutoka kwenye njia ya chini ya jukwaa, na kiti nilichokalia kikatetemeka. Kisha wakatoka, sare nyeusi na dhahabu. Tazama mguu mmoja tu: paja linapanda mpaka liwe sawa na kiuno, ncha ya kiatu inaelekea chini, na mguu hautui mpaka mdundo umeuita. Sasa zidisha mara mia mbili, wote wakipuliza tarumbeta huku wakizungusha viwiliwili, mstari usipinde. Viongozi wanatangulia wakijipinda nyuma kama upinde mpaka kofia inakaribia kugusa ardhi. Upande wa pili bendi ya Southern inasubiri kujibu. Wazee wa Tanga na Dar es Salaam waliosimuliwa ngoma ya beni, Marini huku na Arinoti kule, hawatahitaji maelezo zaidi: ni mashindano ya kweli, yana washindi na waliofedheheka, na ubishi wake hudumu mwaka mzima. Mechi ina robo nne, lakini mashabiki wa vyuo vya Weusi wana robo ya tano. Wachezaji wakishaingia vyumbani, bendi zinabaki majukwaani kujibizana wimbo kwa wimbo, na maelfu ya watu hawaondoki.

Robinson alistaafu 1997 akiwa na ushindi 408, idadi ambayo hakuna kocha wa futiboli ya vyuo aliyekuwa ameifikia wakati huo. Mwenyewe alipenda kusema rekodi yake ya kweli ni kazi moja na mke mmoja kwa zaidi ya miaka 50. Alifariki Aprili 2007.

Kufikia hapo mambo yalikuwa yamebadilika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vyuo vikubwa vya Wazungu wa kusini, vilivyokuwa vikimfungia milango kijana Mweusi, vilianza kumgombania. Vina viwanja, vina televisheni, vina fedha. Haki iliyopiganiwa ikawa ndiyo iliyokausha chemchemi ya Grambling, na sioni njia ya kulisema hilo bila uchungu, ingawa hakuna mtu wa Grambling niliyezungumza naye anayetamani mlango ule ungebaki umefungwa. Bajeti ya jimbo nayo ikapungua. Oktoba 2013 wachezaji waligoma kusafiri kwenda kucheza na Jackson State. Walilalamikia vyumba vyenye ukungu, safari ndefu za mabasi, na kufukuzwa kwa kocha wao, ambaye alikuwa Doug Williams mwenyewe. Wengine waliwaita watovu wa nidhamu. Mimi naona walikuwa wanadai waheshimiwe, jambo ambalo bweni lile lilifundishwa kwa kengele. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2016, Grambling waliishinda North Carolina Central 10-9 katika Celebration Bowl, mechi inayowakutanisha mabingwa wa kanda mbili za vyuo vya Weusi.

Ukitaka kuanza kuifuata, anza na Bayou Classic, mwishoni mwa Novemba. Mara nyingi inaanza mchana kule New Orleans, na hapa kwetu inakuwa usiku wa saa nne hivi. Usihangaike na kanuni zote siku ya kwanza. Tafuta kofia yenye herufi G, umwangalie kwotabeki anavyosoma ulinzi. Na ikifika mapumziko, usiende jikoni kuchemsha chai. Ichemshe mapema.