Hastati si wabovu, unawaharakisha tu

Kauli ninayotamani ife kabisa miongoni mwa wachezaji wa Rome: Total War, gemu ya kuongoza majeshi ya Roma ya kale, ni hii: "Hastati hawafai kitu, vumilia mpaka upate legionari wenye kobe." Hastati ni askari wa miguu wa mstari wa mbele wa mwanzo wa kampeni, legionari ndio wanaowarithi baadaye, na kobe ni kujipanga kwa kufunikana ngao mbele na juu. Kauli hiyo inasemwa na waliocheza tangu gemu ilipotoka mwaka 2004, na inasemwa na walioipata kwenye simu baada ya toleo la Android la 2018. Kisha mtu huyohuyo, akishawapata hao legionari aliowasubiri kwa hamu, anawafunga kobe, anawatembeza taratibu mpaka kwenye mikuki ya Wamakedonia, wanachinjwa wote, na wa kulaumiwa ni kompyuta.

Tulimalize la kobe haraka. Kobe ni mwavuli. Kazi yake ni kuzuia mishale na mawe ya kombeo, basi. Kikosi kilichojifunga kobe hakikimbii, hakirushi kitu, na adui akikifikia kwa upanga kinapigana hovyo. Mahali pake ni unaposogelea ukuta wenye minara, au unapowaacha wapiga mishale wa Parthia wamalize mishale yao juu ya ngao zako. Hata hapo ukutani, wanaobeba ngazi au kusukuma gogo la kubomolea lango hawawezi kujifunga kobe, kwa hiyo unaowakinga ni wale wanaosubiri nyuma yao. Na adui akiwa na onager, yaani mtambo wa kurusha mawe, kobe ni kumrundikia watu mahali pamoja ili jiwe lake lisipotee bure.

La ajabu ni kwamba mpango uliomuua jemadari wa Roma Crassus akipigana na Waparthia kule Carrhae mwaka 53 KK, yaani kusimama na kungoja mishale iishe, kwenye gemu unafanya kazi. Surena, jemadari wa Waparthia, alikuwa na ngamia waliobeba mishale ya akiba. Kompyuta haina ngamia hao. Ikiisha, imeisha. Legionari wakae kobe, wapiga mishale wako wa miguu wajibu mapigo kutoka nyuma yao, kisha fungua kobe KABLA wapanda farasi wazito hawajaja. Herufi kubwa hizo nimeziweka makusudi.

Sasa hastati. Kila mmoja wao, na kila askari wa principes (safu ya pili, nyuma ya hastati) vilevile, anaingia vitani na pila mbili, yaani mikuki ya kurusha. Masafa ya kurusha ni mita 35 kwa kipimo cha gemu. Ukicheza kwa ukubwa wa juu kabisa wa vikosi, hastati ni watu 160, maana yake kikosi kimoja kina mikuki 320 ya kurusha. Vikosi sita mstari wa mbele: mikuki 1,920. Hiyo ndiyo silaha yako. Upanga unakuja kumalizia kazi. Mchezaji anayelalamika kwamba hastati wanalingana tu na wapiganaji wa Gaul uso kwa uso anasema kweli, ila anachosimulia ni vita vya watu walioingia na mizigo yao mkononi bila kuitumia.

Kwa nini pila hazirushwi? Sababu ya kwanza ni kubofya mara mbili, ambayo ni amri ya kukimbia. Ili arushe, askari lazima asimame, ainue mkono, atupe, kisha achomoe upanga. Hilo linakula sekunde kadhaa, na walio safu za nyuma huchelewa kuliko wa mbele. Adui akiwa anakuja mbio na wewe pia umewaamuru hastati wakimbie, zile mita 35 zinaliwa kutoka pande zote mbili. Wa mbele wanakutwa mkono uko juu, wa nyuma hawajaanza. Umepoteza pila, na umepoteza pia nguvu ya shambulio, maana waliokuwa wakirusha hawakuwa wakikimbia. Ni hasara mbili kwa mbofyo mmoja wa ziada.

Sababu ya pili: watu hubofya ardhi nyuma ya adui badala ya kumbofya adui mwenyewe. Hiyo ni amri ya kutembea. Askari watatembea, watagongana na watu njiani, wataanza kukatwa.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Simamisha mstari ukiwa bado mbali na adui, mara mbili ya masafa ya pila au zaidi. Panga vikosi kwa safu nne. 160 kwa safu nne ni watu 40 kwa upana, inatosha. Hakikisha kurusha kwa hiari kumewashwa, na kulinda nafasi kumewashwa. Kisha acha kugusa kipanya. Huu ndio mtihani unaowashinda wengi. Adui akija mwenyewe, anakula pila akiingia kwenye masafa. Wagaul wakija kwa mbio utapata mrusho mmoja, mara chache miwili, na mmoja unatosha kuwapunguza na kuwatikisa ari. Adui akigoma kuja, mfuate kwa kutembea: bofya mara moja tu juu ya kikosi chake. Hastati wako watasogea, watasimama wenyewe masafa yakitimia, watarusha mara mbili, halafu wataingia kwa panga. Dhidi ya adui aliyesimama utapata pila zote, na hapo ndipo utaelewa kwa nini Warumi waliogopwa.

Kuna pia suala la upande. Ulinzi wa askari kwenye gemu una sehemu tatu: deraya, ustadi na ngao. Ustadi hauhesabiki dhidi ya kitu kinachorushwa. Ngao hulinda mbele na kushoto. Kwa hiyo pila inayotoka kulia kwa adui au mgongoni kwake inakutana na deraya peke yake, na adui wengi wa mwanzo wa kampeni deraya hawana ya maana. Ukiwa na kikosi kimoja cha akiba chenye pila kamili, kizungushe upande wa KULIA wa adui. Kulia kwake, si kulia kwako. Watu hukosea hili kisha wanasema hesabu ya gemu ni ya uongo.

Halafu kuna pila zilizobaki, ambazo huua Warumi wengi kuliko watu wanavyodhani. Kikosi kilichoingizwa vitani bila kurusha bado kina pila mkononi. Ukikitoa kidogo kisha ukiamuru kishambulie tena, kitataka kurusha kwanza, hata adui akiwa hatua tatu mbele yake anakata. Dawa kwenye kompyuta ni kushikilia Alt unapobofya adui. Hapo wanaingia kwa upanga moja kwa moja. Tumia Alt pia adui anapokuwa tayari amebanwa na kikosi chako kingine. Wanaorusha kutoka nyuma hawachagui, na pila inayodondoka juu ya mapigano inaua wa kwako na wa kwake kwa usawa.

Basi jeshi lipangweje? Nafasi ni 20. Mpango wangu kabla ya mageuzi ya Marius (tukio la gemu linalofuta hastati na kuleta legionari), kwa hesabu ya vikosi: jemadari mmoja, hastati sita, principes wanne, triarii (wenye mikuki, safu ya mwisho) wawili, velites (warushaji wepesi) wawili, wapiga mishale wawili, wapanda farasi watatu. Hastati mbele, principes nyuma yao hatua za kutosha ili wasinaswe kwenye msongamano, triarii kwenye ncha za mstari wa nyuma. Velites hutangulia, wanarusha, wanarudi. Tembo wakiwepo wabaki karibu, maana tembo ni kazi yao.

Vitabu vitakuambia hastati wakichoka walirudi nyuma kupitia mianya na principes wakachukua nafasi. Mwanahistoria wa kale Polybius ametuachia hesabu nzuri ya legioni ya zamani, hastati 1,200, principes 1,200, triarii 600, lakini kubadilishana kwenyewe mbele ya adui anayekusukuma kulifanyikaje, wanahistoria bado wanabishana, na michoro mizuri ya miraba unayoiona ni dhana ya mchoraji. Kwenye gemu usijaribu kabisa. Kikosi kinachotolewa katikati ya mapigano kinageuza mgongo, na mgongoni hakuna ngao wala ustadi. Utapoteza watu wengi ndani ya sekunde kumi kuliko ambao wangekufa kwa dakika nzima ya kupigana. Waache hastati wawe gundi. Principes ndio wanaosogea: wapitishe kwenye ncha, au kwenye mwanya uliouacha makusudi kati ya vikosi vya hastati. Kompyuta hupenda mianya. Itaingiza kikosi humo, na kikosi hicho kitakuta pila 320 zinakisubiri.

Dhidi ya falanksi, yaani safu zilizobanana za mikuki mirefu, kanuni haibadiliki, ila adhabu ya kukosea ni kubwa. Uso kwa uso na mikuki mirefu hushindi, uwe na hastati au legionari wa daraja la kwanza. Bana mbele kwa vikosi vichache vilivyo kwenye kulinda nafasi, visisonge, virushe tu. Vingine viwili vizunguke. Ndivyo ilivyokuwa Cynoscephalae mwaka 197 KK: tribuni (ofisa wa legioni) mmoja ambaye hata jina lake hatuna alichukua manipuli, yaani vikosi vidogo, 20 akaingia nyuma ya falanksi ya Filipo wa Tano, mfalme wa Makedonia, na mambo yakaishia hapo. Pydna, 168 KK, falanksi yenyewe ilipasuka ikitembea kwenye ardhi isiyo sawa na Warumi wakaingia kwenye nyufa. Ardhi ya gemu haipasui falanksi kiasi hicho, kwa hiyo usingoje Pydna. Tengeneza Cynoscephalae.

Kuhusu kulinda nafasi wakati mapigano yameshashika sina msimamo mkali. Ukiiacha, mstari unabaki mnyoofu na askari wanadumu, lakini wanaua polepole na hawamzunguki adui kwenye ncha. Ukiizima, wanamzunguka na kumaliza haraka, ila mstari unakuwa fujo na wengine wanaanza kufukuza watu. Mimi huizima kwa vikosi vya pembeni tu na kuiacha katikati. Wapo wachezaji hodari wanaofanya kinyume na wanashinda vilevile.

Triarii nao ni kitendawili. Hawana pila, wana mkuki, na kazi yao halisi ni wapanda farasi. Wakati ngome za askari mjini zimefika kiwango cha kuwatoa, mji umeshakua kiasi kwamba mageuzi ya Marius yanakaribia kukuta. Nawaweka wawili kwa sababu farasi wa adui wakipita ubavuni sina kingine cha kuwazuia, lakini ukiniambia umeweka farasi wawili zaidi badala yao sitagombana nawe.

Adui akivunjika, usiwatume hastati wamfukuze. Watachoka, watatoka kwenye mstari, na wenye pila zilizobaki watasimama kila mara kuwarushia wanaokimbia. Hiyo ni kazi ya farasi. Hastati wageuze wakasaidie kikosi cha jirani ambacho bado kinapigana, wakiingilia mgongoni.

Na kabla hujajenga kasri la kifalme kwenye mji wowote wa Italia, kagua majeshi yako ya mipakani. Kasri hilo ndilo linaloleta mageuzi ya Marius. Kihistoria jina lake linahusishwa na mwaka 107 KK, lakini kampeni inaanza 270 KK na mchezaji mwenye haraka anaweza kuyaleta mapema kuliko hapo kwa miongo mingi. Siku hiyo hastati na principes wote wanakuwa masalia: huwezi kuandikisha wapya wala kuwajazia nafasi za waliokufa. Wajaze kwanza mjini, ndipo ujenge. Wakishapungua baada ya hapo, unganisha vikosi vya aina moja viwili viwili, wenye uzoefu kwa wenye uzoefu, na uendelee kuwatumia mbele mpaka waishe.