Kinamasi cha Aktiki Hakifungi Kazi Mwezi Agosti

Kwa miaka mingi, sisi tunaopima gesi zinazotoka kwenye ardhioevu za Aktiki tulikuwa na ratiba moja: majira ya joto yakikaribia kwisha, vifaa vinafungwa. Ardhi ikishaganda, ilidhaniwa, hakuna cha kupima.

Dhana hiyo ilivunjikia Zackenberg, kaskazini-mashariki mwa Greenland, nyuzi 74 kaskazini. Kwenye kinamasi cha pale kuna visanduku vya plastiki inayopitisha mwanga, vimekaa juu ya matope na nyasi zake. Mfuniko hujifunga wenyewe kwa dakika chache, hewa ya ndani inavutwa kwa mpira hadi kwenye mashine, kisha mfuniko unafunguka. Kadiri methani inavyopanda upesi ndani ya kisanduku, ndivyo ardhi inavyoitoa kwa wingi. Kaboni dioksidi mara nyingi hufanya kinyume jua likiwaka: inashuka, maana mimea inaila.

Mwaka 2007 vipimo viliendelea hadi Oktoba. Methani, iliyokuwa ikipungua tangu katikati ya majira ya joto, ikafumuka ardhi ilipoanza kuganda. Iliyotoka kipindi hicho ilikaribia kulingana na ya majira yote ya joto! Vijiumbe vinavyoitengeneza huishi kwenye tope lisilo na oksijeni, na gesi nyingi hubaki humo humo. Barafu inaposhuka kutoka juu huku chini kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima, tope la katikati linabanwa, na inaelekea ndivyo gesi inavyosukumwa nje.

Miaka iliyofuata, mfumuko huo ulitofautiana sana: mwaka huu mkubwa, mwingine mdogo. Aliyepima 2007 peke yake angetangaza makubwa. Aliyefungasha Agosti asingeona kitu. Ndiyo maana naumia ninapoona mradi wa kupima gesi ukipewa fedha za miaka miwili au mitatu tu. Ardhi iliyoganda ya kaskazini ina kaboni karibu mara mbili ya iliyomo angani, na methani, kwa uzito ule ule, hupasha dunia joto takriban mara 28 zaidi ya kaboni dioksidi katika miaka 100.

Mfululizo wa miaka umetufunza pia kuhusu theluji. Kilele cha methani cha majira ya joto hakifuati kalenda. Hufuata siku theluji ilipoyeyuka. Kwa hiyo tarehe hiyo nayo lazima iandikwe, kila mwaka, kando ya vipimo vya gesi.