Eti mpaka uwe mkongwe ndo uandike kuhusu ualimu?

Kuna hii dhana imekaa miaka na miaka, kwamba mwalimu wa kuandika kuhusu kazi yake ni yule mwenye madigrii na mvi, wengine mtulie kwanza. Mi naona sio kweli kabisa.

Chukua desimali. Mtoto anaulizwa 0.35 na 0.8 ipi kubwa, anasema 0.35 kwa sababu 35 inazidi 8, na ukimwambia tu "umekosa" kesho anarudia palepale. Mkongwe analirekebisha hilo bila hata kufikiria, ukimuuliza kafanyaje anakujibu "ah, uzoefu tu". Ila yule wa mwaka wa pili ambaye jana tu kahangaika, akamwambia mtoto aandike 0.80 chini ya 0.35 na akaona sura inabadilika, huyo anakumbuka kila hatua, hata zile njia mbili alizojaribu kabla zikagoma. Na hizo zilizogoma ndo tamu kusoma kuliko zote, basi tu watu wanazionea aibu.

Lee Shulman, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliligusa hili mwaka 1987, kwamba ualimu una usahaulifu wa pamoja, mtu anagundua kitu kizuri darasani halafu kinapotea. Daktari ana faili la mgonjwa, wakili ana kesi zilizoandikwa, sisi tuna andalio la somo, ambalo linasema ulichopanga tu, kilichotokea hakimo.

Majina ya wanafunzi lakini yaache nje, hilo halina mjadala.