Kwa nini helikopta haikimbii kama ndege

Wengi huamini kwamba helikopta ikipewa injini kubwa zaidi itakwenda kasi zaidi. Sivyo. Mnamo Agosti 11, 1986, huko Somerset, Uingereza, rubani Trevor Egginton aliirusha helikopta ya Westland Lynx kwa kilomita 400.87 kwa saa. Injini zimeboreshwa sana tangu wakati huo, lakini kwa helikopta za kawaida rekodi hiyo bado imesimama.

Kikwazo ni mapanga yenyewe, yaani yale mabapa marefu yanayozunguka juu ya helikopta. Tuseme ncha zake zinazunguka kwa kilomita 750 kwa saa. Helikopta ikisimama hewani pasipo upepo, kila panga hukutana na hewa kwa kasi hiyohiyo. Ikianza kwenda mbele kwa kilomita 250, mambo hubadilika: panga linaloelekea mbele hukutana na hewa kwa kilomita 1,000, na lile linalorudi nyuma, upande wa pili, kwa 500 tu. Kasi ya hewa ikiwa maradufu, nguvu ya kunyanyua huwa mara nne. Kama mapanga yangekazwa yasicheze kabisa, chombo kingelala ubavu. Mhispania Juan de la Cierva alilitatua hilo mwaka 1923, kwenye chombo chake cha otojiro (mtangulizi wa helikopta), kwa kuyafunga mapanga kwa bawaba ili yapande na kushuka yanapozunguka, nguvu za pande mbili zilingane.

Bawaba, hata hivyo, haziondoi mpaka. Kadiri kasi inavyoongezeka, panga linalorudi nyuma hulazimika kuikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi. Pembe ikizidi, hewa huachana na uso wa panga na nguvu ya kunyanyua hupotea hapo hapo. Helikopta hutetemeka, pua huinuka, kisha chombo huegemea upande wa panga hilo. Wakati huohuo ncha ya upande wa pili inaikaribia kasi ya sauti, kama kilomita 1,225 kwa saa karibu na usawa wa bahari, na hapo ukinzani wa hewa hupanda sana. Lynx ilifika mbali kwa sababu ncha za mapanga yake zilipanuliwa na kuundwa upya, zikachelewesha matatizo yote mawili. Eurocopter X3, iliyofikisha kilomita 472 mwaka 2013, iliongezewa mabawa mafupi na mapangaboi mawili ya kuivuta mbele. Hiyo tayari ni nusu ndege.

Jambo hili linawagusa abiria wetu moja kwa moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Hewa nyepesi, joto na mzigo mzito, vyote huyalazimisha mapanga kuongeza pembe, hivyo kasi ya juu inayoruhusiwa hushuka. Tafadhali, msimhimize rubani aongeze mwendo. Mtetemo ule ukianza, kazi yake ni kupunguza pembe ya mapanga yote na kushusha kasi taratibu, bila kukata kona kali.