Hivi kwa nini mtu akitoka fildi anarudi mtu mwingine?

Umeshawahi kuona dogo kaenda fildi miezi miwili kuhesabu ndege au kupima mikoko, akirudi hata kutembea naye shida, kila hatua anasimama, "subiri kwanza, hiki kinyesi cha mnyama gani?" Nyumbani wanasema kabadilika. Kweli kabadilika, ila sio kwa sababu ya hewa safi na mandhari kama watu wanavyodhani.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Heidi Carlone na Angela Johnson, walieleza kwamba mtu huanza kujiona mwanasayansi yakikutana mambo matatu: anaijua kazi, anaifanya watu wakimwona, halafu wenzake wanamtambua. Hilo la tatu ndo zito. Darasani kulipata ni ngumu maana jibu mwalimu anakuwa nalo tayari, lakini porini nani analo? Wewe ndo umeona, unaulizwa wewe, na ulichokiandika kwa penseli saa kumi na mbili asubuhi daftari likiwa limelowa umande ndo data yenyewe hiyo.

Mcheki Kamoya Kimeu, kijana wa Ukambani, mchunga mbuzi, shule kaishia njiani. Mwaka 1960 akaenda Olduvai kuchimba mifupa na akina Leakey, ile familia ya watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na kwao kugusa mifupa ya wafu ilikuwa mwiko. Akabaki hukohuko, jicho likazoea taratibu, 1964 akaibua taya la kale kule Peninj karibu na Ziwa Natron, na 1984, miaka 24 tangu aanze, siku ya mapumziko huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana akaona kijipande cha fuvu rangi moja na mawe ya pale, mimi na wewe tungekikanyaga tu. Ndo akapatikana Kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale, ya miaka kama milioni 1.5. Leo kuna nyani wa kale anaitwa Kamoyapithecus, kapewa jina la Kamoya.

Kwa hiyo safari ya siku moja haitoshi jamani. Sisi tulipelekwa hifadhini na basi la shule, tukala chipsi, tukaona twiga mgongo, tukarudi. Aliyebadilika ni mmoja tu, yule aliyekabidhiwa daftari la kuorodhesha wanyama, na mpaka leo kwenye grupu letu la WhatsApp mtu akiona ndege asiyemjua, picha anatumiwa yeye.