Mikono ya wazee wakati wa kiangazi: kazi nyepesi za kufanya barazani

Kuanzia Juni hadi Oktoba, Mtwara na Lindi hazipati mvua ya maana. Kusi inavuma, miyaa na ukindu vinakauka vizuri, na shambani kazi imepungua mpaka korosho zianze kudondoka. Zikishaanza, nyumbani wanabaki wajukuu na bibi na babu zao, kwani wenye nguvu wako mikorosheni tangu alfajiri. Sisi tunaotoa hospitalini huduma za utengamao, yaani kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake, malalamiko ya kipindi hiki tunayajua: mzee anakaa tu kutwa nzima, haongei, na vidole vimekaza.

Huko Ulaya, miezi ya Septemba hadi Novemba miti hupukutisha majani, na wazee huyaokota pamoja na matunda makavu ya misonobari wakatengenezea mapambo. Wazo ni zuri, ila vifaa vyetu ni vingine. Na bibi wa Mikindani aliyekuwa akishona mikeka tangu usichana wake, ukimpa karatasi za rangi na gundi akate maua, umemvunjia heshima hata kama nia yako ilikuwa njema. Ninachowaambia wanaoleta wazee wao ni kwamba wachague kazi ambayo mzee anaijua au anaiheshimu, kisha wairahisishe. Kitu kinachotoka kiwe kitu kitakachotumika.

Kwa huku Pwani ya Kusini, ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka au kikapu, ndio kazi ya kwanza ninayoitaja. Kusuka ukili kunachezesha vidole vyote kumi bila kuhitaji nguvu nyingi, na hakuna haraka. Ukichoka unaukunja, kesho unaendelea ulipoishia. Urahisishaji uko kwenye mambo madogo. Chane, yaani vile vipande vyembamba vya miyaa, ziwe pana kidogo kuliko kawaida na ziwe chache. Mjukuu azichane yeye, maana hapo ndipo panapohitaji macho makali na kucha imara, kisha zinyunyiziwe maji na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu ili zisikatike wala kukwaruza ngozi nyembamba ya mzee. Kama macho hayaoni vizuri, tia chane moja yenye rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea katikati ya zile nyeupe. Jicho litaifuata hiyo moja, na mkono utajua zamu ya chane ipi imefika.

Halafu suala la kukaa. Wengi wamezoea kukaa chini, miguu imenyooshwa, mwanzo wa ukili umebanwa kwa kidole gumba cha mguu. Kwa mwenye magoti mabovu mkao huo ni mateso, hasa pale anapotaka kuinuka. Mpe kiti chenye mgongo na mikono, nyayo zikanyage chini sawasawa, na mwanzo wa ukili ufungwe kwenye msumari au nguzo ya baraza, usawa wa kiwiko chake. Aliyepata kiharusi upande mmoja naye hufaidika ukili ukifungwa hivyo: mkono wenye nguvu unasuka polepole, ule dhaifu unawekwa juu ya ukili kuushikilia. Usiuache ulale mapajani kana kwamba si wake.

Kushona ukili kuwa mkeka ni jambo jingine. Kunahitaji kuvuta, kuinama na kugeuza kitu kizito. Hiyo nashauri waachiwe vijana, mzee abaki na kawa ya kufunikia chakula au kikapu kidogo anachoweza kukipakata.

Wazee wenye ugonjwa wa kusahau msiwaache nje ya kazi hii. Ujuzi wa mikono uliojengeka tangu utotoni huchelewa kupotea kuliko kumbukumbu ya mambo ya jana, kwa hiyo asiyekumbuka jina la mjukuu wake anaweza kukaa akasuka bila kukosea. Msimpe maelezo marefu. Msukie kipande cha mwanzo, mkabidhi, kaa karibu. Akikosea, msifumue mbele yake.

Wanaume je? Babu mwingi wa huku atakwambia ukili ni kazi ya wanawake, na sioni haja ya kubishana naye. Aliyekuwa mvuvi wa Msangamkuu au Mchinga mpe kipande cha wavu na sindano ya nyavu. Atatengeneza matundu yaliyotoboka, au atafuma mfuko wa kubebea nazi. Mchonga vinyago wa Kimakonde ndiye mgumu zaidi, kwa sababu atataka tezo, kile kishoka cha kuchongea, na tezo na mkono unaotetemeka havipatani. Mpingo ni mti mgumu sana, tena vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi na pua. Akubali kusugua kwa msasa na kung'arisha, kijana achonge chini ya maelekezo yake. Mara nyingi maelekezo hayo ndiyo anayoyafurahia kuliko kazi yenyewe.

Vifuu vya nazi navyo ni rahisi. Kijana akikata na kutoboa, mzee anasugua kwa msasa uliozungushiwa kijiti kinene, anapaka mafuta ya nazi, na upawa au kibakuli cha sabuni kimepatikana. Afanye nje, upepo ukitoka mgongoni mwake, na kitambaa kimfunike pua. Ufagio wa njukuti sina haja ya kuueleza, kila nyumba ina anayeujua. Angalizo ni moja tu, kisu kiende mbali na mwili.

Shanga zinapendwa sana na kinamama, na si ajabu, kwani wengi wao walizitunga tangu wakati wa unyago. Shida ni tundu la shanga na ncha ya uzi. Chovya ncha hiyo kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, iache igande, na hutahitaji sindano. Zimwage shanga kwenye sinia lililotandikwa kipande cha khanga ili zisibingirike. Chagua kubwa. Ndogo zinachosha macho, na kama kuna mtoto anayetambaa nyumbani, zikidondoka anaweza kuzimeza akapaliwa.

Kwa mafundi cherehani kuna vipande vya vitenge vinavyotupwa kila siku. Vikikatwa vipande virefu, vikasukwa kwa tatu na kushonwa kwa kuzungusha, vinatoa kitu kizuri cha kuwekea sufuria au cha kukalia. Msivitengeneze kuwa kapeti la kuweka mlangoni au karibu na bafu. Kapeti dogo juu ya sakafu ya saruji huteleza, na nyonga ya mzee ikivunjika anaweza asitembee tena.

Maganda ya korosho mbichi msiyaguse kabisa kwa kazi za mapambo. Yana mafuta yanayounguza ngozi, na wabanguaji wanalijua hilo vizuri. Makombe ya baharini okoteni yaliyo matupu tu. Walio Msimbati na vijiji jirani wakumbuke kuwa wako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo wawaulize kwanza watu wa hifadhi.

Asubuhi za kipupwe, hasa kule juu Newala na Tandahimba, viungo huwa vizito. Mzee aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika 10 kabla ya kuanza. Mwenye kisukari asipime joto la maji yeye mwenyewe, maana ganzi inaweza kumdanganya, na jioni akaguliwe vidole kama vimechomwa au kukatwa bila yeye kuhisi. Baada ya kila nusu saa aweke kazi chini, anyooshe vidole, azunguke uani kidogo. Kazi ya kukaa haichukui nafasi ya kutembea. Maumivu yakiendelea mpaka kesho yake, punguzeni muda. Lakini mkono ukilegea ghafla, au mdomo ukaenda upande na maneno yakawa mazito, hapo msisubiri wala msikande: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya Wazee Duniani huadhimishwa 1 Oktoba, na inaangukia ndani ya msimu huuhuu. Kama baraza la wazee la kijiji chenu linataka kuonyesha au kuuza kazi zao siku hiyo, miyaa ikatwe Juni na kuanikwa, na kusuka kuanze Julai. Mkubaliane mapema bei, nani atapeleka mizigo, na kwamba fedha ya kila kitu itaingia mkononi mwa aliyekisuka.