Everton, City na Palace: yanayosemwa mitaani kuhusu sheria za pesa, na yaliyomo ndani yake

Crystal Palace walipoifunga Manchester City 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA tarehe 17 Mei 2025, mechi iliyoanza saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za Nairobi, ubishi haukuishia kwenye bao la Eberechi Eze wala penalti ya Omar Marmoush iliyookolewa na Dean Henderson. Kwa kinyozi na kwenye steji za matatu uligeuka upesi kuwa ubishi wa pesa: kwa nini Everton walikatwa pointi na City bado wanacheza fainali? Palace waliposhushwa kutoka Europa League, shindano la pili kwa ukubwa la klabu za Ulaya, mwezi Julai, hasira ikapanda zaidi. Malalamiko kwamba sheria haziwaumi wote sawasawa yana msingi. Tatizo ni kwamba hoja nzuri inachanganywa na madai ambayo mtu aliyezisoma sheria hizo anayabomoa kwa dakika moja.

"City wana makosa 115, Everton walikuwa na moja tu, na Everton ndio walioadhibiwa"

Hizo 115 ni tuhuma za Ligi Kuu ya Uingereza, ambazo City wamezikana zote. Ukizichambua, 54 zinahusu kutotoa taarifa sahihi za fedha kati ya misimu ya 2009/10 na 2017/18. Nyingine 14 ni za malipo ya wachezaji na makocha, 5 ni za kanuni za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na 35 ni za kutoshirikiana na wachunguzi. Zinazohusu PSR, ile sheria ya faida na hasara iliyowakamata Everton na Nottingham Forest, ni 7 tu.

Tofauti ya kasi inaanzia hapo. Everton walipeleka hesabu, na hasara iliyotambuliwa ikawa pauni milioni 124.5 wakati kikomo ni milioni 105. Toa moja kwa nyingine: wamezidi kwa milioni 19.5. Walikubali kwamba wamevuka, na kilichobaki kubishaniwa kilikuwa ukubwa wa adhabu. Forest nao walikubali. Kwa City, kinachodaiwa ni kwamba hesabu zenyewe hazikuonyesha ukweli, na kuthibitisha hilo kunahitaji barua pepe, mikataba ya wadhamini, mashahidi na wahasibu wa pande zote mbili. Mashtaka yalifunguliwa tarehe 6 Februari 2023. Kusikilizwa kulianza tarehe 16 Septemba 2024 na kumalizika Desemba mwaka huo.

Kwa hiyo anayekiri huhukumiwa ndani ya msimu, na mwenye uwezo wa kulipa jeshi la mawakili na kupinga kila ukurasa hupata miaka. Kwangu mimi, hapo ndipo penye dhuluma ya kweli, na haihitaji njama yoyote ili itokee. Mashabiki wa Nairobi wanaijua sura yake nyingine. Klabu ya hapa ikishindwa kumlipa mchezaji au kocha iliyemfuta, FIFA huifungia kusajili hadi deni lilipwe, na marufuku hiyo inaweza kufika madirisha matatu mfululizo ya usajili. Ushahidi ni mkataba na taarifa ya benki, basi. Kosa rahisi kuthibitisha huadhibiwa haraka, na makosa ya aina hiyo ndiyo ya kawaida kwa klabu zisizo na pesa.

Watu pia husema mahakama ya michezo, CAS, iliwasafisha City mwaka 2020. Ilifuta marufuku ya miaka miwili ya UEFA kwa kuwa sehemu ya tuhuma haikuthibitishwa na sehemu nyingine ilikuwa imepitwa na muda, maana UEFA ina ukomo wa miaka 5. Faini ya euro milioni 10 kwa kutoshirikiana ilibaki. Kanuni za Ligi Kuu hazina ukomo huo wa miaka 5, ndiyo sababu ya kurudi nyuma hadi 2009.

"Pointi hukatwa kwa kubahatisha"

Dhana hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Katika kesi hizi tume huru inayoamua mashtaka ya ligi haikuwa na jedwali linalosema kuzidi kwa kiasi fulani ni pointi kadhaa. Everton walikatwa pointi 10 mwezi Novemba 2023. Februari 2024 rufaa ikazishusha hadi 6, kwa sababu tume ilikosea kusema klabu haikuwa wakweli kuhusu madeni ya uwanja mpya, na haikuangalia miongozo ya ligi za chini, EFL, iliyokuwepo tayari. Aprili wakakatwa 2 zaidi kwa kipindi kilichofuata.

Kwa Forest hesabu ilionekana wazi zaidi: pointi 3 kwa kuvuka kikomo, 3 kwa ukubwa wa kiasi, kisha 2 zikapunguzwa kwa kukiri mapema na kushirikiana. Zikabaki 4. Wao walikuwa wamezidi kwa milioni 34.5, karibu mara mbili ya Everton, na bado adhabu yao ikawa ndogo kuliko ile ya kwanza ya Everton. Mtu akisema hapo pana ukosefu wa usawa, mpe haki yake.

"PSR ni kikomo cha kununua wachezaji"

Hapana, inapima hasara. Hesabu yake mtu anaweza kuianza mwenyewe, kwa kuwa taarifa za fedha za klabu za Uingereza hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza. Chukua hasara kabla ya kodi ya miaka mitatu mfululizo. Ondoa gharama ambazo ligi inaziona kuwa nzuri kwa soka: akademia, timu ya wanawake, miradi ya jamii, na uchakavu wa majengo kama uwanja. Kinachobaki kikiwa hasara isiyozidi milioni 15, hakuna shida. Kati ya 15 na 105, mmiliki lazima aizibe kwa fedha zake, tena ziwe za hisa, si mkopo. Ikizidi 105, klabu inashtakiwa. Kila msimu ambao klabu ilikuwa daraja la pili unahesabiwa kwa milioni 13 badala ya 35, ndiyo maana kikomo cha Forest kilikuwa 61: 13 na 13 na 35.

Wanaohesabu kutoka nje hukwama kwenye gharama za akademia na za jamii, ambazo mara nyingi hazichapishwi zote. Ukiona mtu mtandaoni ametangaza kwamba klabu fulani "imezidi kwa milioni 7", jua sehemu ya hesabu hiyo ni makisio.

Wengi pia hupotea kwenye bei ya mchezaji. Mchezaji wa milioni 50 mwenye mkataba wa miaka 5 huingia kwenye hesabu kwa milioni 10 kila mwaka. Akiuzwa baada ya miaka 2 kwa milioni 40, thamani yake iliyobaki vitabuni ni 30, kwa hiyo faida ni 10, na inaandikwa yote siku hiyo hiyo. Kijana aliyetoka akademia hana gharama ya ununuzi vitabuni, hivyo akiuzwa milioni 40, zote 40 ni faida. Chelsea walinyoosha mgawanyo huo kwa kumpa Enzo Fernández mkataba wa miaka 8 na nusu mwaka 2023. UEFA ikaweka kikomo cha kugawanya kwa miaka 5, na Ligi Kuu ikafuata Desemba mwaka huo. Wazo zuri, ila sheria hiyo hiyo inazisukuma klabu kuwauza vijana zilizowalea wenyewe.

Forest waliumia hapo. Brennan Johnson, zao la akademia yao, aliuzwa kwa Tottenham kwa milioni 47.5 tarehe 1 Septemba 2023. Hesabu zao zilifungwa tarehe 30 Juni. Walijitetea kwamba kusubiri kuliwapa bei bora kuliko kumuuza Juni kwa haraka. Kibiashara ni kweli, lakini tume haikukubali: tarehe ni tarehe.

"City wakipatikana na hatia, makombe ya FA yatachukuliwa"

Kombe la FA ni la chama cha soka cha Uingereza, Kombe la Ligi ni la EFL, na PSR ni ya Ligi Kuu. Tume ya Ligi Kuu inaweza kutoza faini, kukata pointi, hata kupendekeza klabu ifukuzwe kwenye ligi, lakini mkono wake haufiki kwenye mashindano ya mwenzake.

Mfano upo tangu 2010. Portsmouth, waliokuwa wametwaa kombe hilo 2008 kwa bao la Nwankwo Kanu, walikatwa pointi 9 kwenye ligi baada ya kuwekwa chini ya msimamizi maalumu kwa sababu ya madeni. Wakashuka daraja, na bado wakacheza fainali Wembley na kufungwa 1-0 na Chelsea kwa frikiki ya Didier Drogba. Chelsea walikuwa mabingwa wa ligi, na wakati huo nafasi ya Europa League ingemwangukia aliyeshindwa fainali. Portsmouth waliikosa kwa kuwa hawakuwa na leseni ya UEFA.

"Nafasi ya Ulaya humwendea aliyeshindwa fainali"

Kanuni hiyo imeshafutwa. Siku hizi bingwa wa kombe akiwa tayari amefuzu kupitia ligi, nafasi hushuka kwenye jedwali.

"Palace waliadhibiwa kwa pesa"

Hawakuwa na kosa lolote la hesabu. UEFA hairuhusu mtu mmoja kuwa na ushawishi wa kuamua mambo katika klabu mbili zilizo kwenye shindano moja. John Textor alikuwa na takriban asilimia 43 ya hisa za Palace, na kampuni yake ndiyo iliyokuwa ikimiliki Lyon. Zote mbili zilifuzu Europa League. Kanuni inampa kipaumbele aliyemaliza juu zaidi kwenye ligi ya nyumbani: Lyon walikuwa wa 6 Ufaransa, Palace wa 12 Uingereza. Palace wakashushwa hadi Conference League, shindano la tatu la Ulaya, na Forest wakachukua nafasi yao.

Kilichowamaliza ni kalenda. UEFA ilikuwa imesogeza siku ya ukaguzi hadi tarehe 1 Machi 2025, miezi miwili na nusu kabla ya fainali. Klabu ilipaswa kujitenganisha kabla ya kujua kama itafuzu. Textor aliuza hisa zake, lakini Julai. CAS ilikataa rufaa tarehe 11 Agosti, ikisema kanuni haitoi nafasi kwa asiyetimiza masharti siku ya ukaguzi, na ikakataa pia hoja kwamba Palace walitendewa tofauti na Forest na Lyon.

Kisheria uamuzi unasimama. Kimchezo unauma, na una sababu ya kuuma. Mwaka 2024 City na Girona, na Manchester United na Nice, waliruhusiwa kushiriki pamoja baada ya wenye hisa kuziweka mikononi mwa wasimamizi huru. Vikundi vilivyozoea kumiliki klabu nyingi vina mawakili wanaofuatilia tarehe hizi mwaka mzima. Klabu iliyosubiri miaka 119 kupata kombe lake kubwa la kwanza haikuwa na sababu ya kuwaza Europa mwezi Februari ikiwa katikati ya jedwali.

"Chelsea walivunja sheria walipouza hoteli"

Waliuza hoteli mbili kwa kampuni ndugu kwa milioni 76.5, na baadaye timu ya wanawake kwa kampuni mama. Kanuni za Ligi Kuu hazikukataza, mradi bei iwe ya soko. UEFA haihesabu mapato ya namna hiyo, na Julai 2025 iliwatoza Chelsea faini ya euro milioni 31, na nyingine 60 za kulipwa iwapo watakiuka masharti. Vitabu vile vile, sheria mbili, majibu mawili.

Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu zilipiga kura kuachana na PSR kuanzia 2026/27 na kupima gharama za kikosi dhidi ya mapato, kikomo kikiwa asilimia 85. Kwa klabu inayoingiza milioni 600, hiyo ni 510. Kwa inayoingiza 180, ni 153. Anayezidi kidogo hutozwa pesa kwanza, na pointi huanza kukatwa akivuka kiwango cha juu zaidi. Mwenye mapato makubwa atakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kulipa faini na kuendelea kucheza, na safari hii itakuwa imeandikwa ndani ya kanuni yenyewe.